Sumu ya Utumboni: Sambhu Nath De na Historia ya Utafiti wa Kipindupindu

Kipindupindu ni miongoni mwa maradhi machache ambayo msababishi wake alijulikana mapema, lakini namna anavyoua ikachelewa mno kueleweka. Mtaliano Filippo Pacini alimwona bakteria wa ugonjwa huu kwa hadubini mjini Florence mwaka 1854, na miaka 30 baadaye, mwaka 1884, daktari wa Kijerumani Robert Koch alitoa taarifa kutoka Calcutta, mji ambao leo huitwa Kolkata, kwamba bakteria huyo mwenye umbo la alama ya mkato, anayeitwa vibrio, ndiye chanzo cha ugonjwa. Ilibidi ipite miaka mingine 75, hadi mwaka 1959, ndipo mtaalamu wa patholojia wa mji huohuo, Sambhu Nath De, alipothibitisha kwamba vibrio hutoa sumu ndani ya utumbo, na kwamba sumu hiyo peke yake inatosha kuukamua mwili maji yake. Kuchelewa huko hakukutokana na uvivu wa wanasayansi, kwa kuwa walikuwa wengi na hodari. Kulitokana na kuutafuta ugonjwa katika damu, ilhali makazi yake ni juu ya ngozi laini ya ndani ya utumbo.

Wakati huo wote watu walikuwa wakifa. Pwani ya Afrika Mashariki iliujua ugonjwa huu vizuri kabla ya Koch, na kumbukumbu iliyo kamili kuliko zote za karne ya 19 ni ya James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyefanya kazi Unguja, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1876 alifuatilia jinsi wimbi la 1869 lilivyopita bara kwa njia za misafara, likashuka Pangani na kuvuka bahari hadi mjini Zanzibar. Christie aliweza kueleza njia za ugonjwa, lakini hakuwa na la kueleza kuhusu kinachotokea ndani ya mwili, na kwa hakika hakuna tabibu yeyote duniani aliyekuwa nalo.

Koch mwenyewe alihisi kwamba kuna sumu, ila hakuweza kuionyesha, kwa sababu hakumpata mnyama wa maabara aliyeugua kama binadamu. Baada yake njia ikapinda. Richard Pfeiffer, mmoja wa wanafunzi wake, alieleza mwaka 1892 kwamba sumu ya vibrio imo katika mwili wa bakteria wenyewe na hutoka wanapokufa na kupasuka. Miaka 2 baadaye aligundua jambo kubwa zaidi: alipowaingiza vibrio hai katika uwazi wa tumbo la simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, waliokwisha kupewa kinga, bakteria hao walivunjikavunjika na kuyeyuka mbele ya macho yake, na hali hiyohiyo ilitokea kwa simbilisi wasio na kinga waliopewa seramu, yaani majimaji ya damu, kutoka kwa wenzao wenye kinga. Ulikuwa mmoja wa misingi ya elimu ya kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza ili kumtambua na kumkabili mvamizi maalumu. Ugunduzi ulikuwa sahihi, lakini hitimisho lililotokana nao liliwapotosha wengi, kwamba kinga ya kipindupindu hukaa katika damu na kwa hiyo chanjo yake inafaa kudungwa kwa sindano. Waldemar Haffkine alianza kuwachanja watu India kwa sindano mwaka 1893, na kwa miongo iliyofuata nchi nyingi zikadai cheti cha chanjo ya aina hiyo mipakani, hadi majaribio makubwa ya miaka ya 1960 yalipoonyesha kwamba kinga yake ni hafifu na hudumu kwa miezi michache tu. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani liliacha kukidai cheti hicho.

Sambhu Nath De alizaliwa mwaka 1915 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Hooghly, Bengal, akasomea udaktari Calcutta, kisha akapata shahada ya uzamivu London mwaka 1949 chini ya Roy Cameron, mwanapatholojia aliyekuwa akichunguza jinsi majimaji yanavyokusanyika mahali pasipostahili, kama vile katika mapafu. Huenda mafunzo hayo ndiyo yaliyompa jicho jipya, kwa sababu aliporejea katika wodi zilizojaa wagonjwa wa kipindupindu hakuanza kwa kuuliza jinsi bakteria wanavyoingia katika damu. Aliuliza maji yote yale yanatoka wapi.

Jaribio lake la mwaka 1953, alilolifanya pamoja na D. N. Chatterje, lilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Sungura aliyelazwa usingizi kwa dawa alipasuliwa tumbo, utumbo wake mwembamba ukavutwa nje, na kipande kifupi kikafungwa kwa uzi mwanzoni na mwishoni bila kukatiwa damu yake. Ndani ya kipande hicho ukadungwa mchuzi uliooteshewa vibrio, utumbo ukarudishwa na tumbo likashonwa. Kesho yake tumbo lilipofunguliwa, kipande kile kilikuwa kimevimba na kujaa majimaji yenye sura ya maji yaliyooshewa mchele, ambayo ndiyo alama kuu ya haja ya mgonjwa wa kipindupindu, ilhali kipande jirani kilichodungwa mchuzi usio na bakteria kilibaki bapa. Watafiti wa kabla yake walikuwa wamewalisha sungura wazima vibrio bila kuona lolote, kwa sababu utumbo unaosukuma vitu muda wote huwafagia bakteria kabla hawajafanya madhara. Uzi wa De uliwazuia mahali pamoja.

Bado lilibaki swali la sumu. Kama nadharia ya Pfeiffer ingekuwa kweli, majimaji yaliyochujwa bakteria wote wakiwa bado hai yasingekuwa na nguvu yoyote. De akaotesha vibrio, akayachuja majimaji yao kwa kichujio kisichopitisha bakteria hata mmoja, kisha akayadunga katika vipande vya utumbo wa sungura, navyo vikajaa maji vilevile. Taarifa yake fupi ilitoka katika jarida la Nature mwezi Mei 1959, yeye akiwa na umri wa miaka 44. Mwaka huohuo N. K. Dutta na wenzake wa Bombay walionyesha madhara ya namna hiyo kwa sungura wachanga, na mwaka 1960 vipande vya utumbo vilivyochukuliwa kwa wagonjwa nchini Thailand vikathibitisha kwamba ule utando wa ndani, uliodhaniwa kwa miaka mingi kuwa umechubuka na kubanduka, ulikuwa mzima.

De alitamani kuitenga sumu hiyo ikiwa safi, lakini vifaa vya kazi hiyo hakuwa navyo, na heshima ya kuitakasa ikaenda Marekani kwa Richard Finkelstein na Joseph LoSpalluto mwaka 1969. Ikajulikana kwamba ni protini yenye sehemu mbili: vipande vitano vya aina moja, viitwavyo B, hung'ang'ania mafuta fulani yaliyo juu ya seli za utumbo, na kipande kimoja, kiitwacho A, hupenya ndani na kuiamsha seli imwage chumvi bila kukoma. Chumvi huvuta maji, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza zaidi ya lita moja kwa saa. Kwa kuwa utando umebaki mzima, mlango wa kufyonza chumvi pamoja na sukari unaendelea kufanya kazi, na hiyo ndiyo sababu maji yenye chumvi na sukari yanayonywewa mdomoni huokoa maisha, kama Dilip Mahalanabis alivyoonyesha mwaka 1971 katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, ambako dripu zilikuwa zimekwisha.

Upande wa kinga nao ulilazimika kuhama kutoka damuni kwenda utumboni. Alexandre Besredka wa Taasisi ya Pasteur alikuwa amehoji tangu miaka ya 1920 kwamba kinga ya maradhi ya utumbo hujengwa palepale utumboni, akabezwa na wengi. William Burrows wa Chicago alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba simbilisi waliokingika dhidi ya kipindupindu walitambulika kwa kingamwili zilizo katika kinyesi chao, wala si kwa zile za damu. Maelezo yalikuja baada ya kugunduliwa kingamwili ya aina ya IgA, ambayo seli zilizo chini ya utando wa utumbo huitengeneza, na seli za utando wenyewe huisafirisha hadi katika ute unaoufunika, ambako huwanasa vibrio na kuizuia sumu kabla haijashika seli. Seli zinazoitengeneza hufundishwa katika vituo vidogo vya kinga vilivyomo ukutani mwa utumbo, huzunguka katika damu, kisha hurudi utumboni. Sindano ya mkononi huamsha njia hiyo kwa udhaifu mno.

Jan Holmgren wa Gothenburg, Sweden, ambaye mwaka 1973 alikuwa miongoni mwa waliotambua mahali sumu inaposhika, aliunganisha matawi hayo mawili katika chanjo ya kunywa yenye vibrio waliouawa na sehemu B ya sumu, ambayo haina madhara ikiwa peke yake, ikinywewa pamoja na maji ya magadi ili asidi ya tumbo isiiharibu. Katika jaribio lililoanza mwaka 1985 huko Matlab, Bangladesh, ilikinga kwa asilimia 85 katika miezi 6 ya mwanzo.

De aliona mwanzo tu wa hayo. Alialikwa Sweden mwaka 1978 katika kongamano la Nobel kuhusu kipindupindu, na mwanasayansi Joshua Lederberg alimpendekeza zaidi ya mara moja apewe Tuzo ya Nobel, lakini alifariki mwaka 1985 bila tuzo hiyo na bila chuo chochote cha wanasayansi wa nchi yake kumpa uanachama. Ni dosari ambayo haikustahili kutokea.

Mwaka 2009 chanjo hiyo ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, visiwa ambavyo Christie alikuwa amevieleza miaka 133 kabla. Kati ya wakazi 48,178 waliolengwa, 23,921 walimaliza dozi zote mbili, na ugonjwa ulipozuka chanjo ilionekana kuwakinga kwa asilimia 79. Hata wasiochanjwa walipata nafuu, kwani hatari yao ya kuugua ilipungua kadiri majirani waliochanjwa walivyokuwa wengi. Linalosumbua watafiti hadi sasa ni watoto walio chini ya miaka 5, ambao miili yao hujenga kinga dhaifu na ya muda mfupi baada ya chanjo zilezile, ilhali ndio wanaokaukiwa maji upesi zaidi.