Kuchagua Deki

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo mwaka 2005 mimi, mwalimu mkuu mzima, niliingia dukani hapa Babati nikiwa mbumbumbu. Nilichagua deki ya DVD kwa wembamba wake.

Binti yetu alikuwa ameleta kutoka Marekani diski ya mahafali yake. Mama yake alihudhuria, na mwaka uliofuata tulimzika. Sauti yake ilikuwa imebaki humo tu.

Picha ilikuja bila rangi, ikipanda juu isitulie. Fundi mmoja wa redio akanieleza kwamba Wamarekani hurekodi kwa mfumo wa NTSC, nasi tunatumia PAL. Televisheni yangu kuukuu ilijua PAL peke yake. Deki ya kununua ni ile inayogeuza mfumo yenyewe. Tena, kwa filamu za dukani, kampuni ziliigawa dunia kanda kwa kanda: Marekani kanda ya 1, sisi ya 5 pamoja na India. Nilikumbuka Berlin, 1884. Diski za nyumbani, ashukuriwe Mungu, hazina mipaka hiyo.

Nikaongeza fedha, nikachukua deki nene, mbaya wa sura. Tukaketi jioni. Karibu na mwisho mama anasikika, haonekani, akimhimiza binti yake avae sweta.