Daktari wa Njia ya Mkojo Aliyeifungua Njia ya Moyo



Wengi katika sisi tumeuguza mzee aliyewekewa mpira wa mkojo, kwa sababu ya tezi dume au baada ya upasuaji. Tunaujua mpira ule, na tunajua unavyomwondolea mgonjwa adha. Lakini wachache wanajua kwamba mpira wa jamii hiyo ndio uliotumika kufika ndani ya moyo wa mtu aliye hai, na kwamba aliyefanya hivyo alimaliza miaka mingi ya kazi yake akiwa daktari wa njia ya mkojo katika mji mdogo wa Ujerumani. Jina lake ni Werner Forssmann. Tumeona ni vyema tukieleze kisa chake, kwa sababu ndani yake mna mazuri ya kuigwa na mabaya ya kuepukwa.

Malezi na masomo yake

Forssmann alizaliwa Berlin tarehe 29 Agosti 1904. Baba yake, ambaye alikuwa mwanasheria, aliuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1916, naye akabaki yatima wa miaka kumi na moja au kumi na miwili hivi. Mwaka 1922 aliingia Chuo Kikuu cha Berlin kusomea udaktari, na mwaka 1929 akaanza kazi katika hospitali ya Eberswalde, mji ulio karibu na Berlin.

Wakati huo madaktari waliuogopa sana moyo. Ilikuwa vigumu kujua kinachoendelea ndani yake mgonjwa akiwa hai. Ikilazimu kuingiza dawa moyoni kwa haraka, walichoma sindano kupitia kifuani, jambo lenye hatari ya kujeruhi moyo wenyewe. Forssmann alikuwa ameona picha katika kitabu: wataalamu wa Ufaransa wa karne ya 19 wamepitisha mrija kwenye mshipa wa shingo ya farasi mpaka moyoni, na farasi hakufa. Akajiuliza: kama farasi hakudhurika, kwa nini mwanadamu asipitishiwe mrija kwenye mshipa wa mkono?

Siku ya jaribio

Alimwomba ruhusa mkuu wake, Dokta Richard Schneider, naye akakataa. Forssmann hakukubali kukatazwa. Ufunguo wa kabati la vifaa ulikuwa kwa muuguzi Gerda Ditzen, kwa hiyo akaanza kuzungumza naye siku baada ya siku mpaka akamshawishi. Muuguzi akakubali, tena akajitolea yeye mwenyewe awe wa kujaribiwa. Forssmann akamlaza juu ya meza ya upasuaji, akamfunga mikono na miguu kana kwamba anamtayarisha. Kumbe alikuwa amekwisha kujipiga ganzi kwenye mkono wake mwenyewe wa kushoto!

Alichanja ngozi kwenye kiwiko, akaupata mshipa, akaingiza mpira mwembamba. Zingatieni hapa: mpira ule ulitengenezwa kwa ajili ya mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Akausukuma taratibu. Kisha akamfungua muuguzi, ambaye alikasirika alipogundua kwamba amechezewa, na wote wawili wakateremka kwa miguu mpaka chumba cha eksirei, mpira ukiwa umo ndani ya mshipa. Akiwa mbele ya kioo, akausukuma mpaka sentimita 65. Picha ikaonyesha ncha yake imefika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Hakufa, wala hakuzirai.

Mwaka huo huo wa 1929 alichapisha habari yake katika jarida la matibabu. Badala ya kupongezwa, alionekana mtu wa vituko. Alipokwenda kufanya kazi Charité, hospitali kubwa ya Berlin, mkuu wake Ferdinand Sauerbruch, daktari mpasuaji mashuhuri, alimwondoa. Ndipo akageukia fani ya njia ya mkojo, akajifunza kwa Karl Heusch katika hospitali ya Rudolf Virchow. Mwaka 1933 alimwoa Elsbet Engel, daktari mwenziwe, nao wakajaliwa watoto sita.

Ukurasa mweusi

Hapa hatuna budi kusema kweli yote. Mwaka 1932 Forssmann alijiunga na chama cha Nazi, kabla hata Hitler hajashika madaraka. Chama hicho kiliwafukuza kazini madaktari Wayahudi na hatimaye kikaua mamilioni ya watu. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa daktari wa jeshi, akatekwa na Wamarekani. Alipoachiliwa, alifanya kazi ya kukata miti, kisha akatibu vijijini pamoja na mkewe. Kuanzia mwaka 1950 alikuwa daktari wa njia ya mkojo katika mji wa Bad Kreuznach.

Wakati yeye akihangaika, elimu yake ilikuwa inasafiri. Huko New York, André Cournand na Dickinson Richards walikuwa wamesoma maandishi yake, na tangu miaka ya 1940 wakaitumia njia ile kupima wagonjwa wa moyo. Mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Forssmann alifariki tarehe 1 Juni 1979. Leo hii mgonjwa anapoingizwa mrija mkononi au kwenye paja ili mshipa wa moyo ulioziba uzibuliwe, Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, msingi wake ni lile jaribio la mwaka 1929.

Swali la wanafunzi wetu

Tulipowasimulia kisa hiki wanafunzi wetu wa darasa la jioni, tulidhani watauliza habari za moyo. Mmoja wao, binti wa miaka kumi na mitatu, akauliza: "Ustadhi, je, yule muuguzi aliombwa radhi?" Tulinyamaza kidogo.

Jawabu tulilowapa ni hili. Forssmann alikuwa na ujasiri: hatari aliibeba mwenyewe, hakumtwisha mgonjwa wala muuguzi. Hilo ni jema. Lakini alimhadaa aliyemwamini, na baadaye akajiunga na watu madhalimu. Tuzo ya Nobel haikuyafuta hayo, na hayo nayo hayakuufuta ule mrija unaookoa watu. Vyote viwili vimeandikwa katika maisha ya mtu mmoja.

Basi wazazi, mnapowahimiza watoto kusoma sayansi, msiwaulize alama tu. Waulizeni pia: wanafuatana na nani, na elimu yao itatumiwa na nani? Nanyi wanafunzi, mkikataliwa leo msikate tamaa. Lakini msiseme kwamba lengo zuri linahalalisha kumdanganya mtu.

Tunamwomba Allah atupe elimu yenye manufaa, na tabia njema ya kuibeba. Wabillahi tawfiq.