Pumziko la Aliyechoka

Hapa Kiptere, upande huu wa Kericho, mkono ukiacha kuchuma chai, mzani nao hausemi kitu. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kwa hiyo sisi watu wa nchi ya chai tukisomewa Mathayo 11:28, pale Bwana anapowaita wenye mizigo, habari ya mzigo twaielewa upesi. Habari ya pumziko ndiyo inayotushinda. Hata sisi wachungaji. Tulifundishwa chuoni namna ya kuihubiri aya hiyo, na mara nyingi tumeihubiri tukiwa tumechoka mioyo, tukihesabu ubatizo na sadaka kama karani ahesabuvyo kilo.

Leo na tumkumbuke mtu aliyechoka namna hiyo. Daktari Joe Church, Mwingereza, alifika Gahini, Rwanda, mwaka 1928, kuwa mganga wa misheni ya Kianglikana. Njaa kali ikaipiga nchi ile, watu wakafa mbele ya macho yake. Mwezi wa Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika. Twayajua mapumziko ya jinsi hiyo: mwili umelala, moyo ungali shambani. Lakini huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya. Wakaketi siku mbili na Biblia zao, wakichunguza habari za Roho Mtakatifu, wakaomba. Mzungu na Mwafrika kuketi hivyo, kila mmoja akikiri kwamba ana upungufu, halikuwa jambo la kawaida siku zile. Wala hawakupanga mradi wowote!

Baadaye Nsibambi aliacha kazi yake ili ahubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini, akafariki Januari 1936 angali kijana. Uamsho ukaenea, na mwaka 1937 ndugu wakafika Kabete, hapa kwetu Kenya. Hatusemi kwamba ndugu hao hawakuwa na kasoro. Wako waliogeuza hata kuungama kuwa kazi nyingine ya kupimwa.

Lakini tazameni habari ya Nsibambi mwenyewe. Tangu miaka ya 1940 ugonjwa ulimweka nyumbani, na hivyo akaishi miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1978. Mhubiri asiyeweza kwenda mikutanoni! Kwa mzani wetu, siku zake nyingi zilikuwa kilo sifuri. Je, Bwana alimpenda pungufu kuliko zile siku za Namirembe?

Hapa petu wapo wazazi ambao vidole vyao havichumi tena, nao huona haya kuketi kanisani kama watu wasio na faida. Baba, mama, jioni hii usitafute la kumfanyia Bwana. Keti. Chai iko mezani, naye yupo pamoja nawe.