Fundo la Utumbo Lisilofunguliwa

Fundo la utumbo ni pale utumbo mwembamba unapoizunguka sigmoidi, lile pindo la mwisho la utumbo mpana kabla ya puru, na vyote viwili vikanyongana hadi damu isipite. Ni nadra kuliko sigmoidi kujisokota peke yake, na huua upesi zaidi.

Daktari Parker alieleza kisa cha namna hii mwaka 1845, lakini Uganda ndiko fundo lilikochunguzwa kwa kina. Mwaka 1967 daktari mpasuaji J. J. Shepherd alichapisha taarifa ya wagonjwa 92 wa huko, kazi inayotajwa hadi leo. Maelezo yake yanaanzia kwenye sahani. Mtu aliyeshinda njaa akila mlo mmoja mkubwa, chakula hushuka kwenye utumbo mtupu. Sehemu iliyojaa huwa nzito na kuzama upande mmoja, na mizingo mitupu ikasukumwa kuizunguka sigmoidi. Sharti utando unaoushika utumbo mwembamba uwe mrefu, na sigmoidi nayo iwe ndefu yenye shina jembamba. Kinango, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, ambako ukame ukibana ugali wa jioni huweza kuwa ndio mlo wa pekee wa siku, maelezo hayo yana uzito.

Dalili hupotosha. Mgonjwa husokotwa na tumbo ghafla na kutapika mapema, kama aliyezibwa utumbo mwembamba, ilhali eksirei inaonyesha utumbo mpana uliovimba. Mgongano huo ndio unaopaswa kumshtua daktari. Mwaka 1947 Bruusgaard wa Norway alionyesha kuwa sigmoidi iliyojisokota yaweza kulegezwa kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa. Mbele ya fundo, mbinu hiyo haifui dafu.

Hubaki upasuaji. Kabla ya kisu, au kabla ya safari ya kutoka Kinango kwenda hospitali za Msambweni ama Mombasa, mgonjwa huhitaji maji ya mshipani, antibayotiki, na mpira wa puani wa kutoa yaliyojaa tumboni.

Tumbo likifunguliwa, mkono hutamani kulifungua fundo. Utumbo ukiwa umeoza, haifai kabisa: hupasuka na kumwaga uchafu, na sumu iliyokwama huingia kwenye damu. Hukatwa pamoja na fundo lake. Utumbo mwembamba huunganishwa. Sigmoidi nayo huunganishwa hali ikiruhusu. Vinginevyo ncha ya juu hutolewa kwenye ngozi ya tumbo na ya chini kushonwa, njia aliyoieleza Henri Hartmann wa Paris mwaka 1921 akitibu saratani. Utumbo uliokutwa hai hufunguliwa taratibu, na wapasuaji wengi huikata sigmoidi hata hivyo, kwa kuwa ikiachwa huweza kujisokota tena.