Zuhura ilivyopigwa picha gizani

Katika miezi ambayo Zuhura ni nyota ya jioni, ukisimama Didia, hapa Shinyanga, jua likiwa limeshazama upande wa Tinde, huhitaji kuonyeshwa. Inawaka peke yake juu ya mbuga wakati nyota nyingine bado zinajificha. Mng'ao huo ndio uliowafunga watu macho. Tunachokiona si ardhi yake bali mawingu yaliyoifunika sayari nzima, hayana hata mwanya. Tangu Galileo aielekezee darubini yake mwaka 1610, watazamaji walipokezana zaidi ya miaka 300, na hakuna aliyeona hata kilima kimoja.

Mirihi ilikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1971 chombo cha Mariner 9 kiliizunguka, kikasubiri tufani ya vumbi itulie, kikapiga picha kwa mwanga wa jua kama mpiga picha wa harusi. Kwa Zuhura kamera ya namna hiyo ingeleta mawingu tu.

Warusi walichagua kushuka. Oktoba 1975 Venera 9 ilituma picha ya kwanza kutoka chini: mawe bapa, yenye kingo kali. Machi 1982 Venera 13 ikatuma picha za rangi, ikadumu dakika 127 katika joto la nyuzi 460 hivi na mgandamizo wa hewa unaokaribia mara 90 ya wetu. Ilikuwa kazi ya kishujaa, lakini chombo kilichotua huona pale kilipotua tu. Ukisimama katikati ya mnada wa ng'ombe huwezi kueleza Usukuma mzima ulivyo.

Ilibidi kupapasa kwa radar kutoka juu. Venera 15 na 16 zilianza mwaka 1983, zikachora sehemu ya kaskazini. Kisha Wamarekani wakarusha Magellan tarehe 4 Mei 1989. Bajeti ilikuwa ya kubana, hivyo chombo kiliungwaungwa kwa vipuri vya safari nyingine. Hata sahani yake ya antena, yenye upana wa mita 3.7, ilikuwa akiba iliyobaki kwenye mradi wa Voyager. Kilifika Agosti 1990, na hadi kilipotumbukizwa katika hewa ya Zuhura Oktoba 1994 kilikuwa kimechora asilimia 98 ya sayari.

Ukitaka kuelewa picha hizo, nenda kwenye lambo usiku na tochi ya kichwani, ile ya wachimbaji. Simama kando, mulika kwa mshazari. Kokoto za ukingoni zitang'aa, kila moja ikikurudishia mwanga kidogo. Maji yaliyotulia yatakuwa meusi tii, kwa sababu mwanga umeteleza juu yake na kwenda zake. Radar ya Magellan ilifanya hivyo hivyo. Panapong'aa ni pa mparuzo, penye giza ni laini. Kwa hiyo picha hizo tunaziita picha kwa heshima tu. Ile rangi ya chungwa tuliyoizoea ilipakwa baadaye, kwa kufuata rangi zilizopatikana na Venera 13 na 14. Hata mlima Maat, wenye kimo cha kilomita 8 hivi, katika picha zake maarufu umenyanyuliwa mara 10 na zaidi ili upendeze. Mimi sina ugomvi na rangi. Kunyanyua mlima, hapo walizidisha chumvi.

Na uzuri wenyewe haukuhitaji msaada. Katika eneo la Alpha kuna vilima saba vya duara, kila kimoja kikiwa na upana wa kilomita 25 hivi na kimo kisichofika kilomita moja. Wataalamu wenyewe waliviita chapati, na kweli vinafanana na chapati zilizopangwa kwenye sinia.

Lakini picha inayonirudisha kila mara ni ya mfereji uitwao Baltis. Una urefu wa kilomita 6,800 hivi, unashindana na Nile yenyewe, na upana wake ni kati ya kilomita moja na tatu tu. Ncha zake zimefunikwa, hivyo huenda zamani ulikuwa mrefu zaidi. Mchimbaji yeyote wa Geita akiuona atasema maji yamepita hapa. Ila pale maji hayakai, yangekuwa mvuke. Sasa ni kitu gani kilichotiririka safari yote hiyo bila kuganda?

Jibu mojawapo liko Tanzania. Sisi wa Shinyanga volkano tunaijua kwa almasi: shimo la Mwadui, alilolipata John Williamson mwaka 1940, ni bomba la volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Ila Ol Doinyo Lengai bado ni hai, na ni mlima wa aina yake, kwani hutapika magadi. Mwaka 1960 mwanajiolojia J. B. Dawson alikuta humo lava nyeusi, nyepesi kama oili ya gari, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya lava ya kawaida. Ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mwaka 1994 mwanasayansi Jeffrey Kargel na wenzake walipendekeza kwamba lava ya jamaa hiyo ingeweza kuchimba mifereji ya Zuhura: pale ardhi yenyewe ina joto linalokaribia la lava hiyo, hivyo isingekuwa na haraka ya kuganda. Wapo wanaosema ni lava ya kawaida iliyokuwa moto sana. Bado wanabishana.

Na huenda volkano za Zuhura hazijazimika. Machi 2023 wanasayansi Robert Herrick na Scott Hensley walitangaza walichokikuta kwenye picha zile zile za zamani za Magellan. Radar ilikuwa imepita sehemu moja kwa pembe tofauti, hivyo kompyuta haikufaa kulinganisha, ikabidi macho ya mtu. Kwenye mlima Maat, Februari 1991, tundu moja la volkano lilikuwa la duara, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2.2 hivi, kingo zake zikishuka wima. Oktoba mwaka huo huo lilikuwa limepanuka karibu mara mbili, limepinda upande, na lilionekana kujaa lava hadi karibu na mdomo, kama lambo la mwezi Machi.