Enoch Sontonga: Mwalimu wa Kwaya na Wimbo Uliomzidi Umaarufu

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili nje ya Tanzania tuliujua wimbo wa Mungu Ibariki Afrika kabla ya kuzijua ngeli zote. Hata hivyo, ni wachache wanaoweza kumtaja mtu aliyetunga muziki wake. Huyo ni Enoch Mankayi Sontonga, mwalimu wa kwaya wa Afrika Kusini. Tumezoea kuambiwa kwamba kilichoandikwa hudumu na kinachotoka mdomoni hupotea. Makala haya yanadai kwamba maisha ya Sontonga yanaonyesha kinyume: kwaya ziliutunza wimbo wake, ilhali maandishi yalimpoteza yeye mwenyewe.

Sontonga alikuwa Mxhosa, na alizaliwa mnamo 1873 huko Uitenhage, katika Koloni la Cape. Alisomea ualimu katika chuo cha wamisionari cha Lovedale, kisha akaenda kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa eneo hilo mwaka 1886, na Waafrika wa makabila mbalimbali walikuwa wakimiminika kutafuta kazi migodini. Walikutana na ujira mdogo, ubaguzi na upweke wa kuishi mbali na kwao. Katika mazingira hayo, Sontonga alifundisha watoto, akaongoza kwaya, akahubiri kama mlei na pia akapiga picha.

Nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika katika daftari kwa solfa. Kwa kwaya isiyo na kinanda, mfumo huu ulifaa sana, kwa kuwa herufi chache ubaoni zilitosha kufundishia sauti zote nne. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1899, wimbo huo uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Boweni, Mmethodisti wa kabila la Watsonga. Tukio hili lina uzito wake. Wimbo wa Kixhosa ulipoimbwa katika sherehe ya Mtsonga, ulikuwa tayari umeanza kuvuka mpaka wa lugha, hata kabla wanasiasa hawajautumia.

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Kifo chake hakikuusimamisha wimbo. Walimu wengine wa kwaya waliendelea kuziazima nyimbo zake kwa mjane wake, Diana. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliusambaza zaidi. Tarehe 8 Januari 1912, katika mkutano wa Bloemfontein ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, wimbo huu uliimbwa baada ya sala ya kufunga. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi mjini London, mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake rasmi, na mwaka 1927 zikachapishwa beti saba zilizoongezwa na mshairi Samuel Mqhayi.

Katika safari hiyo yote, jina la mtunzi lilizidi kufifia. Sababu moja imo ndani ya utaratibu wa kwaya wenyewe. Mwanakwaya anayejifunza wimbo mpya haulizi nani aliutunga. Anauliza sauti yake inaanzia wapi. Lakini sababu nzito zaidi imo katika maandishi. Daftari la Sontonga liliazimwa huku na huku hadi likapotea. Kaburi lake nalo halikujulikana lilipo kwa miaka mingi. Lilipotafutwa katika miaka ya 1990, ilibainika kwamba katika rejista ya makaburi ya Braamfontein alikuwa ameandikwa chini ya jina "Enoch", si "Sontonga". Kwa karani wa wakati ule, jina la ukoo la Mwafrika halikuonekana kuwa na umuhimu.

Wakati huo wote wimbo ulikuwa ukiimbwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ilikuwa na maneno yake ya Kiswahili, ambayo hayafuati yale ya Kixhosa neno kwa neno. Zambia iliutumia muziki huohuo kwa maneno mapya kuanzia 1964. Afrika Kusini yenyewe iliutambua kuwa wimbo wa taifa mwaka 1994, na mwaka 1997 ukaunganishwa na Die Stem kuwa wimbo mmoja. Tarehe 24 Septemba 1996, Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu kaburini kwa Sontonga, miaka 91 baada ya kifo chake.

Historia hii inatuhusu sisi tunaotafiti fasihi simulizi. Kwaya za makanisa yetu zinaimba nyimbo nyingi ambazo watunzi wao hawajaandikwa popote, na wazee wanaowakumbuka wanazidi kupungua. Nyimbo hizo huenda zikadumu bila msaada wetu. Majina ya waliozitunga hayatadumu, na kazi ya kuyauliza na kuyaandika, la ukoo pamoja na la ubatizo, ni yetu.