Bunduki mpya na vumbi la Jadotville: tukumbuke Septemba 1961

Ndugu wasomaji na wasikilizaji wa Likasi, pamoja na ninyi mliokuja kwetu mkikimbia vita ya Mitwaba, Manono na Pweto, jambo moja huulizwa kila mara wazee wanapoongea juu ya vita ya Katanga. Wanasema: askari wa siku zile walikuwa na bunduki mpya kabisa kutoka Ulaya, basi kwa nini bunduki mpya inakwama? Jibu lake linatusaidia kuelewa historia ya mji wetu. Linaweza pia kuokoa mtoto leo.

Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Wakati huo mji wetu uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mkubwa Mbelgiji wa Union Minière. Jina la Likasi lilirudi mwaka wa 1966. Tarehe 3 Septemba 1961, askari wa Ireland wapatao 155, waliokuwa chini ya ONU, walifika hapa na mkubwa wao, Komanda Pat Quinlan. Siku kumi baadaye, asubuhi ya tarehe 13, ONU ilipoanza operesheni yake Élisabethville, askari hao walishambuliwa hapa wengi wao wakiwa kwenye misa.

Pande zote mbili zilikuwa na bunduki ya FN FAL. Ilitengenezwa na kiwanda cha Fabrique Nationale, kule Herstal, Ubelgiji, na aliyeibuni ni Dieudonné Saive. Majandarme wa Tshombe waliipata kwa njia ya Wabelgiji. Kwa askari wa Ireland ilikuwa kitu kigeni: jeshi lao lilikuwa limezoea Lee-Enfield, bunduki ya zamani ambayo askari huvuta komeo kwa mkono kila anapopiga.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Katika bunduki ya zamani, mkono wa mtu ndio unaoingiza risasi. Ikikataa, mkono unasikia na unaweza kusukuma kwa nguvu zaidi. Katika FAL kazi hiyo inafanywa na gesi. Risasi ikipigwa, sehemu ya gesi inatoka kwenye mtutu na kusukuma komeo nyuma. Ganda tupu linatupwa nje. Kisha springi inarudisha komeo mbele, nalo linachukua risasi mpya kutoka kasha la risasi 20 na kuiingiza ndani ya mtutu. Yote hayo yanaisha kabla mtu hajapepesa jicho. Lakini kila hatua ina masharti yake.

Sharti la kwanza ni gesi. FAL ina pete ndogo ya kurekebisha gesi. Gesi nyingi ikipotea, komeo halirudi nyuma vya kutosha, kwa hiyo linapokuja mbele linapita bila kuchukua risasi. La pili ni kasha: midomo yake ikipindika kidogo tu, risasi inainuka vibaya na kugonga pembeni. La tatu ni usafi. Bunduki mpya hutoka kiwandani ikiwa imepakwa mafuta mazito ya kuilinda na kutu, na vyuma vyake bado vimebanana. Vumbi likiingia kwenye mafuta hayo, yanakuwa kama udongo wa mfinyanzi, na risasi inakwama nusu ndani, nusu nje. La nne ni risasi yenyewe: iwe ya kipimo kile kile, isiwe imepindika wala kuchafuka.

Na vumbi letu tunalijua. Septemba ni mwisho wa kiangazi, mvua bado haijaja, udongo mwekundu unaruka kila mahali. Askari wa Quinlan walichimba mahandaki wakakaa ndani yake mchana na usiku. Majeshi mengine pia yalipata shida na bunduki hiyo. Israeli waliilalamikia kwa sababu ya mchanga wa jangwa, na Waingereza walichonga mifereji midogo kwenye chuma kinachobeba komeo ili mchanga upate pa kukaa bila kuzuia kazi.

Tena, risasi hazikuwa za aina moja. FAL ilitumia risasi za milimita 7.62. Bunduki zao kubwa za Vickers na Bren zilitumia .303, ambazo haziingii kwenye FAL hata kidogo. Vickers nayo ilipozwa kwa maji, na maji ndiyo yaliyokatwa. Helikopta moja ilifanikiwa kutua ikileta maji, lakini yalikuwa yametiwa katika madumu yaliyokuwa na petroli, na hayakunyweka. Ndege ya Katanga aina ya Fouga Magister iliwapiga kutoka juu. Askari waliotumwa kutoka Élisabethville kuja kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Tarehe 17 Septemba, Quinlan na watu wake waliweka silaha chini. Watano walikuwa wamejeruhiwa, hakuna aliyekufa. Usiku ule ule Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola.

Kwa hiyo vita ya Jadotville haikuamuliwa na upya wa bunduki. Iliamuliwa na maji, risasi, barabara na daraja moja. Hata hivyo, askari wale walipofika kwao waliaibishwa miaka mingi kwa sababu walijisalimisha. Ni mwaka wa 2016 tu ambapo kikosi chao kilipewa heshima na serikali yao, na 2017 wakapewa medali.

Na sisi je? Vitabu na filamu vinaongea sana juu ya askari wa Ireland. Juu ya mama aliyejificha na watoto, au mfanyakazi wa Shituru aliyesikia mabomu akiwa kazini, maneno ni machache. ONU iliingia tena Jadotville tarehe 3 Januari 1963, na mwezi huo huo kujitenga kukaisha. Lakini silaha hazikuisha. Majandarme wengi walivuka kwenda Angola, na watu wao walirudi na vita mwaka wa 1977, tena 1978 kule Kolwezi. Kila mara familia zilibeba mizigo kichwani.

Hapa ndipo historia inafika mlangoni kwenu, ndugu mnaofikiria kurudi vijijini. Mtu mwenye silaha anayekimbia mara nyingi hutupa kwanza ile bunduki iliyokwama. Nayo inayokwama ndiyo yenye hatari zaidi kwa mtu asiyeijua, maana risasi inaweza kuwa imebaki ndani. Kuondoa kasha la risasi hakutoi ile iliyokwishaingia. Mtoto anaona chuma kilichokufa, anavuta, anatikisa, na inalia. Kwa hiyo ukiikuta shambani au ndani ya nyumba uliyoiacha, usiiguse, usiipige jiwe, usiitupe motoni. Waondoe watoto, kumbuka mahali, mwite mkubwa wa kijiji au polisi.

Na ninyi wazee mliokuwa watoto mwaka wa 1961, waelezeni wajukuu mliyoyaona. Askari wa Ireland walingoja zaidi ya miaka 50 ili habari yao isemwe vizuri. Wakaaji wa Likasi bado wanangoja.